UZI: Atachimenti. Nani anafaidika, na nani analipa nauli?

Wadau, mjadala ule ule umerudi. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakienda atachimenti, wanafunzwa kazi ama wanafanyishwa kazi ya bure? Kila siasa ikipata joto huu mjadala unafufuka. Mmoja anapanda jukwaani anasema ni utumwa mamboleo. Mwingine anajibu kwamba vijana wa siku hizi wanataka mshahara kabla hawajajua kazi. Watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani, na mwanafunzi Jumatatu bado anatafuta nauli.

Mimi nina duka dogo la vifaa vya ujenzi hapa Makina, Kibra. Hii meza nimekaa pande zote mbili: nilienda atachimenti nikiwa mwanafunzi wa biashara, na sasa nachukua wanafunzi wa biashara dukani kwangu. Sitataja chama wala mwanasiasa, na ukitaja hapa chini sitakujibu. Nataka tu tujue tunabishania nini. Uzi ni mrefu, chukua chai.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, maana jukwaani huwa vinapikwa sufuria moja.

Atachimenti ni mwanafunzi ambaye bado yuko chuo. Anatumwa kazini, mara nyingi kwa miezi mitatu hivi, kwa sababu kozi yake inataka. Anakuja na barua ya chuo na daftari la kuandika alichofanya kila siku. Mwajiri anatia sahihi, mhadhiri anakuja kumkagua, mwishoni anaandika ripoti na kupewa alama. Kwa sehemu nyingi halipwi kitu.

Uanagenzi ni mtu ambaye tayari amehitimu. Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, inachukua wahitimu kwa miezi 12 na kuwapa posho. Hapo kuna mkataba na kuna kazi ya mtu mzima.

Zile kelele kubwa mlizosikia 2024 zilikuwa za uanagenzi. Madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei mwaka huo, na moja ya mambo mazito kwenye ugomvi lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi nao walikuwa wanapewa 20,000 kabla ya makato, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua haki zao za kazi zilikuwa zimekiukwa. Hawa ni watu waliomaliza shule na wanafanya kazi kamili. Hoja yao ilikuwa ya mshahara, moja kwa moja.

Sasa mtu akichukua hasira ya daktari mwanagenzi na kuimwaga juu ya duka lililompokea mwanafunzi wa mwaka wa tatu, amechanganya. Na yule anayechukua uvumilivu wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kumwambia daktari "wewe bado unajifunza, tulia", huyo amechanganya vibaya zaidi, na mara nyingi anajua anachofanya. Kuanzia hapa naongea juu ya atachimenti pekee, tena ya wanafunzi wa biashara, kwa sababu ndiyo naijua.

Yangu ilikuwa katika kampuni moja mjini ambayo sitaitaja. Miezi mitatu. Nilibeba faili kutoka ghorofa ya pili hadi ya nne, nilipiga kopi, nilichemsha chai. Kwenye daftari niliandika kila siku "nilisaidia idara ya hesabu", kwa sababu ningeandika nini kingine? Msimamizi wangu alitia sahihi kurasa zote siku ya mwisho bila kuzisoma. Mhadhiri alikuja mara moja, akakaa dakika kumi, akauliza kama kuna parking.

Lakini, na hili lazima niliseme ili nisiwe muongo, kulikuwa na karani mmoja mzee ghorofa ya nne ambaye saa ya lunchi alikuwa akinionyesha jinsi ya kulinganisha taarifa ya benki na kitabu cha fedha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa anakula mandazi huku anaweka tiki kwa penseli. Yale masaa ya lunchi ndiyo biashara yangu inasimamia mpaka leo. Kampuni yenyewe haikupata chochote kutoka kwangu isipokuwa miguu, na mimi sikupata chochote kutoka kwa kampuni isipokuwa yule mzee.

Kwa hivyo mtu akiniuliza "atachimenti inasaidia?", ninamuuliza: kuna mtu amepangiwa kukaa na huyo mwanafunzi, ama ametupwa tu hapo?

Tuje Makina. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa binti wa Biashara mwaka wa tatu, anakaa kwa shangazi yake Kawangware. Alikuwa ameshapeleka barua kwenye ofisi nyingi mjini, wengi hawakujibu. Alikuja dukani kununua balbu, akaona nahangaika na daftari la madeni, akaniuliza, "Mama, hapa mnachukuanga atachimenti?" Nilicheka. Sikujua kama duka la mabati na misumari linaweza kuchukua mtu wa chuo kikuu.

Wiki tatu za kwanza alinichelewesha. Niseme ukweli, maana wanaotetea atachimenti huwa wanaruka hapa. Mwanafunzi mpya ni kazi ya ziada. Kila kitu unaeleza mara mbili. Siku moja aliandika 4,500 kama 45,000 na tukakaa hadi saa mbili usiku tukitafuta pesa ambazo hazijawahi kuwepo. Mwenye duka dogo hana idara ya wafanyakazi ya kumfunza mtu. Idara ni mimi, na mimi ndiye niko kaunta. Hiyo gharama haionekani popote kwenye hotuba.

Wiki ya nne akaanza kunilipa.

Jambo la kwanza lilikuwa risiti. Kuanzia Januari 2024, mfanyabiashara akitaka KRA ikubali matumizi yake, anatakiwa awe na risiti ya mfumo wa eTIMS. Sasa mimi nilikuwa nawauzia wakandarasi wadogo wanaojenga huku na Kawangware, na mmoja mmoja walianza kuhama kwa sababu naandika risiti ya kitabu. Niliogopa ule mfumo kama nyoka. Binti alikaa na simu yangu siku mbili, akanisajili, akaingiza bidhaa, akanifunza. Wakandarasi wawili walirudi mwezi huohuo.

La pili lilikuwa saruji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilielewa hii kitu inafanyaje kazi.

Wakati huo mfuko wa saruji nilikuwa nanunua 720 na kuuza 750. Faida thelathini, mifuko mingi, nilijiona mfanyabiashara. Binti akachukua karatasi. Biashara ya kiwango changu inalipa kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3, na inatozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Asilimia 3 ya 750 ni 22.50. Toa kwenye ile thelathini: inabaki 7.50. Mwenye mkokoteni namlipa shilingi 10 kwa kila mfuko kuufikisha kwa mteja. Kwa hivyo kila mfuko wa saruji uliotoka dukani kwa mkokoteni ulikuwa unaondoka na shilingi mbili na nusu zangu. Miaka!

Akaniambia, "Mama, acha kuuza saruji." Kwa hesabu yake alikuwa sawa kabisa. Chuo kilikuwa kimemfunza: bidhaa isiyo na faida, iondoe.

Nikamwambia, binti yangu, fundi hatoki nyumbani kuja kununua msumari. Anakuja kwa saruji, halafu akishafika ndiyo anakumbuka msumari, waya, brashi, rangi. Ukiondoa saruji, kesho ataingia duka la mwenzangu na hao wote watamfuata. Akanyamaza. Halafu akafanya kitu ambacho mimi nisingefanya: kwa wiki nzima aliandika kila mteja wa saruji na alichochukua pamoja nayo. Wateja 40. Kati yao 29 walichukua kitu kingine, na hivyo vitu vingine ndivyo vyenye faida, hasa viungo vya mabomba.

Kwa hivyo wote wawili tulikuwa sawa, na wote wawili tulikuwa tumekosea. Saruji ikabaki. Pesa ya mkokoteni tukaanza kumtoza mteja, isipokuwa akinunua na vitu vingine vya kiasi fulani. Sasa saruji hainili.

Angalia nani alipata nini hapo. Mimi nilipata hesabu ambayo sikuwa nimeifanya tangu nifungue duka. Yeye alipata kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha darasani kwao: kwamba bidhaa moja inaweza kukutia hasara na bado iwe ndiyo inayolisha duka. Ripoti yake ya mwisho aliiandika juu ya hiyo saruji. Mhadhiri alipokuja alikaa zaidi ya saa moja akimuuliza maswali, na mara hii hakuna aliyetaja parking.

Madeni nayo aliyapanga kwa umri: chini ya mwezi, mwezi hadi mitatu, na yale ya kale. Alitaka kuwaandikia wote barua za kudai. Nikamwambia barua utampa fundi, ataisomea wapi? Fundi analipwa Jumamosi mchana. Mpigie Jumamosi saa nane, kabla hajafika kwingine. Tukakusanya pesa ambazo mimi nilikuwa nimezisamehe moyoni.

Sasa upande wa kampuni kubwa, kwa kifupi, maana wao wana watu wa kuwasemea. Faida yao kuu ni kwamba atachimenti ni usaili wa miezi mitatu. Cheti hakikuonyeshi kama mtu anafika saa mbili ama saa tatu kasorobo, anaficha kosa ama analisema. Ukishamwona mtu siku sitini, ukimwajiri baadaye hubahatishi. Na wanafunzi wanakuja na ujuzi wa kompyuta ambao wazee wa ofisi hawana. Hakuna ubaya wowote hapo.

Ubaya unaanza hivi. Ukiona meza moja inakaliwa na mwanafunzi mpya kila miezi mitatu, mwaka mzima, anafanya kazi ileile, na akiondoka leo bila mwingine kuja ofisi inakwama, hiyo ni nafasi ya kazi ambayo mtu amekataa kuilipia. Mwanafunzi ametumiwa, na kuna mhitimu mtaani amenyimwa ajira. Hawa wawili wote ni watoto wetu.

Swali hili si letu peke yetu. Marekani, vijana wawili, Eric Glatt na Alexander Footman, walifanya kazi bila malipo kwenye filamu ya Black Swan kisha wakashtaki kampuni. Mwaka 2013 jaji alisema walikuwa wafanyakazi na walistahili kulipwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo na kuweka kipimo: angalia ni nani mfaidi mkuu, mwanafunzi ama mwajiri. Waangalie kama kazi imefungamana na masomo, kama inafuata kalenda ya chuo, kama mwanafunzi amechukua nafasi ya mfanyakazi wa kulipwa.

Kipimo hicho kina wakosoaji wengi, na mimi naona kinampendelea mwenye kampuni, lakini swali lenyewe ni zuri. Chukua lile la saruji na lile la faili za ghorofa ya nne, ulize "nani mfaidi mkuu?", utaona yanajijibu.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba kulipa wanafunzi ni mambo ya kizungu ya juzi: mpango wa kwanza maarufu wa chuo kikuu kuchanganya darasa na kazi ulianza Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906, ukiasisiwa na Herman Schneider. Wanafunzi walikuwa wanapishana, huku darasani, huku kiwandani, na viwandani walikuwa wanalipwa. Malipo yalikuwepo tangu mwanzo. Yameondolewa njiani.

Haya, tuje kwa pesa, maana ndipo mjadala unapoogopa kufika.

Mwanafunzi wa Kawangware akienda ofisi ya mjini, piga hesabu ya chini: nauli 60 asubuhi, 60 jioni, chakula 100. Hiyo ni 220 kwa siku. Siku tano, wiki 12, ni siku 60. Jumla 13,200. Na mvua ikinyesha nauli haibaki 60, mnajua wenyewe. Bado hajanunua shati la ofisi.

Kwa nyumba yenye mshahara, 13,200 kwa miezi mitatu ni pesa ya kuuma lakini inapatikana. Kwa nyumba nyingi za huku, hiyo ni kodi ya nyumba. Kwa hivyo kijana wa hapa anafanya nini? Anatafuta mahali pa karibu pa kumtilia sahihi daftari. Nawajua vijana ambao atachimenti yao ilikuwa muhuri wa rafiki ya mjomba. Walipata alama, hawakujifunza kitu, na miaka miwili baadaye wanaambiwa kwenye usaili hawana uzoefu. Halafu anasimama mtu jukwaani anasema vijana wa mtaa fulani ni wavivu.

Binti wangu wiki ya kwanza alikuwa anatembea kutoka Kawangware hadi Ngong Road, anapita Adams Arcade, anakatiza Toi hadi kwangu. Hakuniambia. Niliona viatu. Nikaanza kumpa 200 kwa siku, ya nauli na chakula. Kwa siku 60 ni 12,000. Si mshahara, na sijisifu, kuna wiki mbili nilimpa 100 kwa sababu biashara ilikuwa chini, na hakusema neno, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Sasa linganisha na pesa iliyopo kisheria. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, kila mwajiri anachanga ushuru wa mafunzo: shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mamlaka ya NITA ndiyo yenye kazi ya kusimamia mafunzo ya viwandani, atachimenti ikiwemo. Mimi nina wafanyakazi watatu, kwa hivyo mchango wangu ni 1,800 kwa mwaka. Kwa ile 200 yangu ya kila siku, huo mchango wa mwaka mzima ungemlisha na kumsafirisha mwanafunzi mmoja siku tisa.

Na nafuu ya kodi? Ipo, au niseme iliandikwa. Sheria ya Fedha ya 2015 iliingiza kifungu kwamba mwajiri akichukua wahitimu wa chuo kikuu kama wanagenzi kwa miezi sita hadi 12, apate nafuu ya kodi. Nzuri. Lakini soma masharti: wasiopungua kumi. Kumi! Duka langu likijaa watu kumi, mteja atasimama wapi? Tena ni wahitimu, si wanafunzi. Kwa hivyo kifungu hicho kinairuka atachimenti yote, na kinaliruka kila duka, kila saluni, kila karakana ya Makina, Kawangware, Gikomba, Kariobangi. Mwenye kampuni kubwa, ambaye pengine angewachukua hao wahitimu hata bila nafuu, ndiye anayefaidika.

Hapa ndipo maoni yangu yalipo, na unaweza kuyakataa. Mjadala wote unaendeshwa kana kwamba mwajiri ni jengo la vioo lenye lifti. Lakini biashara nyingi za nchi hii ni kama yangu. Na ni kwenye biashara kama yangu mwanafunzi anaona kitu kizima: kununua, kuuza, deni, kodi, mteja mkorofi, yote siku moja. Kwenye kampuni kubwa anaona droo moja ya dawati moja. Sisi ndio tunamhitaji zaidi, kwa sababu hatuwezi kumlipa mhasibu. Na sisi ndio sera haituoni, wala vyuo havitutumii barua.

Wanafunzi wenyewe pia wana aibu kidogo, tuseme ukweli. Nani anataka kuandika kwenye CV "duka la misumari, Makina"? Binti wangu aliandika jina la duka kama lilivyosajiliwa, na alipoulizwa kwenye usaili akaeleza saruji. Kazi alipata.

Nani alipe nauli, basi? Wapo wanaotaka sheria iwalazimishe waajiri wote kulipa kila mwanafunzi. Nia naielewa. Lakini ukinilazimisha kesho nilipe kiwango cha mfanyakazi kwa mtu ambaye wiki tatu za kwanza ananichelewesha, sitachukua. Mwenzangu hatachukua. Nafasi zitabaki kwa wenye uwezo, na wenye uwezo watachukua watoto wa wanaowajua. Kwa kampuni kubwa naona ni haki walipe. Kwa duka la watu watatu, hapana.

Wengine wanasema apewe mwajiri pesa ndiyo avutike. Mimi nasema apewe mwanafunzi, moja kwa moja kwa simu yake, nauli na chakula tu, kutoka kwenye ule ushuru wa mafunzo ama kwingineko, na aende anakotaka: jengo la vioo ama kwa Mama Misumari. Jirani zetu Tanzania, Bodi ya Mikopo yao ina fungu la mafunzo kwa vitendo ndani ya mkopo wa mwanafunzi. Ni mkopo, atalipa, na kuna malalamiko ya kuchelewa kama kawaida. Lakini angalau kuna mtu aliyekaa akaandika kwamba mwanafunzi akiwa kazini bado anakula.

Najua swali linalokuja: wanafunzi hewa. Nchi hii imelipa wafanyakazi hewa, itashindwa vipi kuwa na atachimenti hewa? Ni hofu ya kweli. Ule muhuri wa rafiki ya mjomba ukiwekewa pesa juu, mihuri itaongezeka. Jibu langu si kamili: ukaguzi uko tayari kwenye karatasi, mhadhiri anatakiwa afike. Tatizo ni kwamba mhadhiri mmoja ana wanafunzi wengi, na wakati mwingine ukaguzi unafanywa kwa simu. Ukitaka pesa isiibiwe, itabidi ulipe pia mtu wa kwenda kuangalia. Anayekuahidi posho bila kutaja huyo mtu hajafika mwisho wa hesabu.

Kwa hivyo mgombea yeyote, wa rangi yoyote, akija huku na ahadi ya nafasi za mafunzo kwa vijana, mimi nina maswali yangu mfukoni. Ni wanafunzi ama wahitimu? Nauli inatoka wapi? Duka la watu watatu limo ama halimo? Ni nani atakaa na kijana wiki tatu za kwanza? Katiba kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa, na wapate ajira. Hakikusema vijana wenye nauli.

Kuna aliyeniuliza inbox kama bado nachukua. Ndiyo, mmoja tu, kwa sababu kiti kiko kimoja. Nafasi ya Mei imeshachukuliwa na kijana wa Laini Saba, yeye atatembea, ni karibu. 200 iko palepale, na wiki mbaya nitamwambia mapema badala ya kumpa nusu kimyakimya. Anaanza na daftari la madeni. Nimemwambia aje na viatu vya kufunika vidole, mabati mapya yamewekwa mlangoni.